Siku walipopakia butiki ya Wachina

Siku ya tano, Ijumaa. Mvua. Si ile ya kelele inayokuja mbio na kwenda zake. Ni ile ya kukaa, imekaa juu ya ziwa tangu alfajiri kama mugeni ambaye amekula, amekunywa, na bado haagi. Chisense ya Mama, dagaa wetu wa Mweru, iko chini ya plastiki uwanjani. Leo haitakauka. Kama jua halitoki kesho, itaoza.

Roho yangu haiko sawa. Njo maana ninaandika.

Munaonisoma tangu zamani munanijua. Mi ni Chanda wa Kashikishi, gredi ya tisa bila cheti, sura nzuri kuliko kijana yeyote kuanzia hapa mpaka Puta, na profesa wa kwanza wa Kichina hapa Nchelenge. Kichina hicho nilikiokota kwa Wachina wanaojenga barabara, wakati nilikuwa ninawauzia samaki kwenye geti la kompaundi yao. Ninajua kusalimia, ninajua "rafiki", ninajua kuhesabu mpaka pale penye faida. Na ninajua vizuri kabisa "taigui", maana yake "bei kali", juu njo neno waliloniambia kila asubuhi iliyopambazuka.

Kichina hicho njo kilinipa kazi kwenye butiki.

Habari ya butiki niliiandika hapa ilipofunguliwa, lakini kwa aliyekuja leo ninarudia. Kuna kampani moja ya wazungu, ya mbali huko kwenye baridi, inatengeneza vitu vya bei ya kutisha: telefone, spika, saa za mukononi, na mashine ya kufagia inayotembea yenyewe chini kama kobe. Huko China walikuwa wamefungua maduka makubwa ya vioo, Wachina wakapanga mustari. Sasa mukubwa mumoja akawaza: Wachina hawako China tu. Wako kwenye barabara za Luapula, wako kwenye migodi ng'ambo ya ziwa upande wa Congo, wana mushahara na hawana pa kuutumia. Tuwafuate. Basi wakaleta vioo, taa nyeupe, jenereta na hewa ya baridi, wakaviweka vyote kati ya duka la mbolea na kinu cha kusaga mihogo.

Muzungu wa kuisimamia alikuwa patron Henrik, mutu mwema, jua lilikuwa linamubabua pua kila wiki upya. Aliniuliza kama ninawajua Wachina. Nikamwambia, patron, mi ninawajua kuliko mama zao.

Tulikuwa watatu: yeye, mi, na Mireille.

Mireille ni mukimbizi. Alivuka kutoka Congo, upande wa Moba, pamoja na mama yake, wakapewa shamba kule kambi, ndani ya pori. Anajua Kifaransa cha shule, anajua Kingereza cha kujifunza, na Kiswahili chetu kikitoka kinywani mwake unafikiri kimepigwa pasi. Mukimbizi hakai tu mujini kama mi na wewe. Lazima awe na ruhusa, na ruhusa ya Mireille, kwa kifupi, inasema hivi: anaweza kukaa Nchelenge wakati wote anapofanya kazi kwenye butiki hii. Kazi ikikatika, ruhusa inakatika, anarudi kambi.

Alikuwa amepanga chumba kwa mama mumoja, Bana Kunda, nyuma ya kanisa. Chumba kidogo, kitanda kinakula nusu yake. Lakini kina mulango, na ufunguo ni wake. Siku moja aliniambia kwamba tangu wakimbie kwao hajalala nyuma ya mulango ambao yeye mwenyewe njo anaufunga. Alisema hivyo huku anapangusa kioo, bila kugeuka.

Tangu hapo, kila Muchina aliyepita barabarani bila kuingia nilimuona kama mutu anayemutoa Mireille chumbani.

Na walipita. Walipita sana.

Nilisimama nje na shati jeupe la kampani nikiwasalimia kwa lugha yao. Walifurahi, walipiga honi, waliendelea na safari. Wale wa mugodi wa ng'ambo walikuja mara moja na boti, wakazunguka butiki yote, kiisha wakaniuliza choo kiko wapi. Walioingia kweli walikuwa watu wa hapa. Walivua viatu mulangoni, juu ile sakafu ilikuwa nyeupe kama sebule ya mutu, na patron alichoka kuwakataza. Walikuja kupoa. Bamama wa soko walikuja kumuona kobe anayefagia, wakacheka mpaka machozi. Bana Kunda akamuuliza patron kama kobe huyo anajua na kufua, ao ni muvivu kama waume wengine.

Patron alicheka siku hizo. Baadaye aliacha.

Wiki iliyopita alitwambia mukubwa wa kampani, mwanamuke, atakuja mwenyewe kuiona butiki siku ya tano. Hakusema zaidi. Mireille hakuuliza. Mi ndiye niliyefungua kinywa.

"Patron, siku hiyo nitakujazia Wachina humu mpaka wakose pa kusimama."

Mireille akanitazama. "Chanda, kinywa yako haina freni."

"Haina. Na utanishukuru."

Basi, leo.

Asubuhi nilikwenda kompaundi ya Wachina, mvua yote kichwani. Nilimutafuta Shifu Liu, mupishi wao. "Shifu" njo namna wanavyomuita fundi wanayemuheshimu. Amekaa huku sana, Kibemba chake cha sokoni kinashinda cha watoto wa Lusaka. Nilimwambia ukweli wote: mukubwa anakuja, butiki inapimwa, kuna dada atarudi kambi. Alikuwa anakata kabichi. Aliendelea kukata.

"Chanda, zile telefone zenu zinatengenezwa karibu na nyumba ya dada yangu. Anapita hapo akienda sokoni. Sasa mi ninunue kwa muzungu, Nchelenge, juu ya nini?"

"Musinunue, Shifu. Muje tu musimame."

Akakata kabichi mpaka ikaisha. "Kusimama tunaweza," akasema. "Na mvua hii, barabara leo haina kazi."

Wakaja, gari nzima, makoti ya mvua yanachuruzika. Walikuta viatu vya watu mulangoni, nao wakavua mabuti yao. Butiki ikajaa. Mukubwa alikuwa amekwisha kufika, tunamuita Madame: nywele fupi nyeupe, koti la kijivu, sauti ya chini kama ya mutu aliye kanisani. Aliwaangalia Wachina wote wale na soksi zao, akamwangalia patron, na patron akaniangalia mi. Nikapandisha kidevu.

Walishika, waligeuza, walisikiliza muziki kwenye spika. Walimuweka kobe chini wakamuzuia njia kwa miguu ili waone atafanya nini. Kiisha walitoa telefone zao wenyewe wakalinganisha bei ya kwao, na likaanza lile neno langu. Taigui. Taigui. Kama mvua juu ya bati. Mireille alikuwa anatabasamu kwa kila mumoja, nikaona shavu lake limeanza kutetemeka kwa kuchoka.

Halafu kijana mumoja wa miwani, mupimaji wa barabara, akainua spika ndogo. Alikuwa anaongea kwa video na musichana wake kule nyumbani, na musichana akaipenda, zaidi ule mufuko wake mweupe wenye kamba. Akanunua.

Mireille akaweka spika ndani ya mufuko, akampa kwa mikono miwili. Na mi, hapo hapo, bila kuwaza, nikafanya kile mutu yeyote wa ziwa angefanya. Nikaongeza matabisi.

Huku kwetu haumuachi mununuzi aondoke na kile tu alicholipia. Ukishamupimia samaki, ukishafunga bei, unarudi kwenye fungu unamutupia mukono mumoja juu. Ng'ambo wanaita matabisi, upande huu wanaita mbasela, ni kitu kimoja. Bila hiyo umemufukuza. Hatarudi, na atakutangaza. Sasa vitu vya butiki si vyangu, siwezi kumutupia mutu saa ya mukononi. Lakini ndani ya begi langu kulikuwa na chisense kavu ya Mama, ya jua la wiki iliyopita, imefungwa ndani ya karatasi, chakula changu cha muchana. Nikaiweka juu ya kaunta ya kioo, chini ya zile taa, kando ya mufuko mweupe.

Harufu ikasimama katikati ya butiki.

Shifu Liu njo alicheka wa kwanza. Akafungua karatasi, akaonja, akawaambia wenzake kitu haraka haraka, na wote wakaziacha telefone wakazunguka dagaa. Waliniuliza kama iko ingine. Mumoja alitaka gunia. Patron alikuwa amefunga macho. Madame akauliza kwa Kifaransa hiyo ni nini, na Mireille akamueleza taratibu, kuanzia mwanzo, akaonyesha na mukono namna tunavyotupia juu ya fungu. Kifaransa sikijui. Lakini sauti niliielewa: alikuwa ananitetea.

Madame akachukua dagaa mumoja kwa vidole viwili, akamuweka kinywani, kichwa na mukia. Alitafuna muda. Akasema ni tamu sana. Alitabasamu, na halikuwa tabasamu la picha.

Nilijiona waziri. Nilimukonyeza Mireille. Kichwani nilikuwa tayari ninaandika hapa namna Chanda alivyookoa butiki ya wazungu kwa mukono mumoja wa chisense.

Hapo akaingia mutu na mabuti yenye matope. Hakuvua. Mutu wa Lusaka, unamujua kwa namna anavyosimama kama nchi yote ni yake. Kwa sauti ya mutu aliyechoka na safari akamuuliza patron: gari iko nje, tuanze kupakia na nini, vioo ao vitu vidogo?

Patron akamwangalia Madame.

Nilitoka kuangalia. Lori kubwa, matope mpaka kwenye vitasa vya milango. Kutoka Lusaka mpaka hapa lori inalala njiani, na kwa mvua hizi inalala tena. Maana yake ilikuwa barabarani wakati mi ninaloa kwenda kwa Shifu Liu. Ilikuwa barabarani jana, wakati mi na Mireille tulikuwa tunapangusa vioo vyote, mbele na nyuma, ili Madame avikute safi.

Niliporudi ndani Madame alikuwa anaongea, na Mireille ananitafsiria kidogo kidogo, kama vile habari ni ya mutu mwingine. Kwamba wanafunga butiki zote walizowafungulia Wachina. Si hii tu. Hata zile kubwa za China kwenyewe, juu Wachina siku hizi wanapenda vitu vya kwao, vizuri na bei ya chini. Kwamba uamuzi ulikatwa kabla hajapanda ndege. Alikuja mwenyewe juu aliona si heshima kutwambia kwa telefone. Kwamba hakuna mutu hapa aliyefanya vibaya.

"Anasema hauna kosa," Mireille akamaliza. "Na samaki iko muzuri."

Hiyo njo inanisumbua mpaka sasa. Ningekuwa na kosa, ningeomba. Mi kuomba ninajua, nimefukuzwa mahali pengi, nimerudishwa mahali pengi, ninajua kupiga magoti na kuchekesha mutu aliyekasirika. Leo hakuna aliyekasirika. Wote walikuwa wema. Hakukuwa na mutu wa kumuangukia.

Nilijaribu tu. Nilimuambia patron: andika kwamba Mireille angali anafanya kazi, muachie kobe mumoja na kioo kimoja, atavipangusa mpaka Yesu arudi. Patron macho yake yalikuwa mekundu. Akasema uongo wa namna hiyo hawezi, lakini atamuandikia letre ya sifa, nzuri sana. Mireille akamuambia asante. Ofisi inayotoa ruhusa haitafuti sifa, inatafuta mwajiri. Mutu anayesifiwa na hana kazi anarudi kambi njia moja na yule asiyesifiwa.

Nikamuvuta Shifu Liu kando, nikamuuliza kama jikoni kwao kuna nafasi, hata ya kuosha vyungu. Aliangalia soksi zake. Akaniambia barabara yenyewe itaisha mvua zikikatika, na yeye hajui atapelekwa wapi. Anangoja kuambiwa. Miaka yote nilimuona kama mutu mukubwa, mwenye kompaundi na magari. Kumbe naye ni mutu wa kungoja kuambiwa.

Nikarudi kwa Mireille.

"Basi fanya kazi kwangu. Mi nitakuwa kampani."

"Weye?"

"Chanda na Mama. Samaki na Telefone."

Alicheka. Alicheka kweli, mukono juu ya kinywa, na mi nikacheka, tukasimama tunacheka huku watu wa lori wanapita kati yetu na vioo mabegani. Kiisha akaacha.

"Kampani inatakaka mapapie, Chanda. Mama yako iko na mapapie ya samaki?"

Hana. Kando ya ziwa hili lote, nani ana karatasi za samaki zake?

Kulikuwa kumebaki neno moja. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Ni neno ambalo nimemutania nalo kila siku ya kazi, mbele ya patron, mbele ya bamama wa soko: Mireille, ninakuoa lini? Naye hujibu: siku utamaliza gredi ya kumi. Mume wa hapa, raia wa hapa, pengine ofisi ingesikia. Sijui sheria yake, lakini pengine. Siku zote hizo neno lilikuwa muchezo, lilitoka kama mate. Leo lilikuwa na kazi ya kufanya, na likakataa kutoka.

Aliliona likija. Uso wangu anaujua.

"Usiseme," akaniambia, polepole. "Ukisema leo, sitajua kama ni miye ao ni ruhusa. Na weye hautajua."

Sikusema.

Patron alipatana na dereva amushushe Mireille kwenye njia panda ya kambi, juu lori inapita hapo. Tulikwenda kuchukua vitu vyake kwa Bana Kunda: godoro, sufuria, begi, ndoo. Bana Kunda alikuwa na hasira na kila mutu, na Wachina, na wazungu, na mi. "Huyu mutoto ananisalimia kila asubuhi na magoti chini," alisema. "Sasa nani atanisalimia, kobe?" Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa anachekesha. Alimufungia mihogo ndani ya chitenge, akamutwika mwenyewe kichwani.

Mireille alipanda mbele, kati ya dereva na mupakiaji. Nyuma vilikuwa vile vioo vyetu, vimefungwa na mablanketi, visafi. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nimekipanga tangu kwa Bana Kunda, kilikuwa kizuri. Gari ikaondoka, kikabaki.

Shifu Liu na wenzake walinipakia kwenye gari yao mpaka Kashikishi. Njiani kijana wa miwani alikuwa anakula chisense kutoka kwenye karatasi, ananipa na mi. Nilikula. Ilikuwa njaa tu, si utamu.

Nyumbani Mama alikuwa chini ya baraza, ananusa dagaa wake wabichi kiganjani, anawarudisha chini ya plastiki.

"Mumeuza leo?"

"Tumeuza spika moja, Mama."

"Basi si vibaya," akasema. "Mumeanza."

Nikamuacha hivyo. Kesho ataisikia sokoni, na atakuja kunifokea kwa nini sikumuambia. Leo nilitaka mutu mumoja ndani ya muji huu afikiri tumeanza.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, nitaazima baiskeli ya mujomba nitaenda kambi. Si mbali kwa mutu mwenye miguu kama yangu. Nitamupelekea mama yake Mireille chisense, kama jua litatoka. Najua namna itakavyokuwa: watanisimamisha getini, wataniuliza nimekuja kumuona nani. Hilo nitalijibu. Kiisha wataniuliza, na wewe ni nani wake?

Nimekaa hapa tangu jioni ninajaribu majibu. Mi, Chanda, ambaye hajawahi kukosa jibu kwa mwalimu, kwa polisi wala kwa Muchina. Ninaandika moja, ninafuta. Mufanyakazi mwenzake: hakuna kazi tena. Rafiki: nani anaendesha baiskeli kwenye matope namna hii kwa rafiki. Lile lingine alinikataza.

Nina kesho nzima ya kulitafuta.